Adimu kwa Nani? Kusoma Orodha ya Bei ya Gogogo

Maandishi ninayotaka kuyahakiki safari hii hayana jalada wala mwandishi anayejulikana, na hakuna tamasha la vitabu litakaloyaalika. Ni orodha ya bei. Rafiki yangu anayesoma Ujerumani, ambaye miaka miwili hii ameshikwa na ugonjwa wa kufuga samaki wa mapambo, alinitumia kurasa sita za muuzaji mmoja wa huko. Kwenye ukurasa wa nne alikuwa amezungushia mstari mmoja wino mwekundu, pembeni kaandika: "Huyu si wa kwenu?"

Mstari wenyewe ni mfupi. Synodontis granulosus, sentimita 12 hadi 14, kavuliwa porini, Ziwa Tanganyika, adimu sana. Halafu bei, ambayo ni mamia ya euro kwa samaki mmoja. Mistari miwili chini yake yupo ndugu yake, Synodontis multipunctatus, wa ziwa lilelile, na huyo anauzwa kwa hela ambayo hata mwanafunzi anaweza kuitoa bila kulala njaa.

Mimi nimezaliwa Kigoma. Nimekulia migebuka na dagaa, na nikiambiwa "samaki wa bei" akili yangu inakwenda kwa kuhe mkubwa wa kualikia wageni. Kwa hiyo nilicheka kwanza. Halafu nikaurudia ule mstari mara tatu, nne, kama tulivyofundishwa chuoni kusoma shairi: neno moja moja, na kuuliza kila neno limeficha nini. Makala hii ndiyo majibu niliyopata.

Kwa asiyemjua, Synodontis ni jamii ya kambare. Wavuvi wengi wa maziwa yetu huwaita gogogo, wengine ngogo. Ukimtoa majini anasaga mwiba wake kwenye kiungo chake na kutoa sauti ya kukwaruza, kama bawaba yenye kutu. Ana miiba mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni, na akishtuka anaisimamisha na kuifunga kama komeo. Akinasa kwenye wavu, mara nyingi unakata wavu. Kwa mvuvi wa dagaa ni kero tupu. Kwa mtu wa Stuttgart au Osaka mwenye tangi la kioo sebuleni, huyuhuyu anaweza kuwa ndoto ya miaka kumi. Granulosus hasa: mwili wa kijivu usio na madoa, mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Nimekiri mbele ya rafiki yangu kwamba ni mzuri kweli. Tusianze ugomvi kwa kukataa hilo.

Tuanze na jina. Granulosus ni Kilatini, maana yake mwenye chembechembe. Aliyempa jina hilo ni George Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la London, mwaka 1900. Miaka miwili kabla, yaani 1898, alikuwa ameshampa jina multipunctatus, mwenye madoa mengi. Samaki wote hao walimfikia kutoka kwa Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekuja Tanganyika kukusanya viumbe vya ziwa. Yaani gogogo wetu aliandikwa kwenye daftari la dunia akiwa amekufa, amelowekwa kwenye chupa, na mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza juu ya meza. Sisemi hili kwa uchungu. Kazi ya kuainisha viumbe ni kazi ya heshima na mtu lazima aifanye. Ila angalia jina linavyofanya kazi ndani ya orodha ya bei: bila Kilatini, mstari ule ungebaki na "gogogo mmoja, wa kijivu", na hakuna mtu angetoa mamia ya euro.

Kwamba jina ni sehemu ya bei lilionekana wazi mwaka 2006. Wanasayansi wawili wa Marekani, Wright na Page, waliwapitia upya gogogo wote wa Ziwa Tanganyika na kutoa majina mapya matatu, mojawapo lucipinnis. Kumbe wale gogogo wadogo wenye madoa ambao wafugaji kwa miaka mingi waliwaita petricola, na kuuziana kwa jina hilo, wengi wao walikuwa huyu lucipinnis. Samaki ndani ya tangi hakubadilika hata doa moja. Kilichobadilika ni kwamba petricola wa kweli ghafla akawa mtu wa kutafutwa, na wenye matangi wakaanza kukagua mapezi ya samaki wao kama watu wanaokagua noti bandia. Fikiria riwaya ambayo mhusika anaamka asubuhi amepanda thamani kwa sababu mahali fulani mtu kahariri aya. Tungesema mwandishi anatia chumvi.

Neno la pili: "kavuliwa porini". Kwenye biashara hii kuna alama mbili kubwa, ya samaki aliyetoka majini kwake na ya mtoto aliyezaliwa tangini. Wa majini kwake huwa ghali zaidi, kwa sababu damu yake haina shaka. Lakini mimi kama msomaji wa Kiswahili nakwama kwenye hilo "porini". Ziwa si pori. Pori ni mahali usipokaa watu. Ufukwe ninaoujua mimi una kina mama wanaosuuza masufuria, watoto wanaoruka kutoka kwenye mitumbwi, dagaa walioanikwa mchangani na redio inayotangaza mechi. Huyo samaki alivuliwa nyumbani kwa watu. Neno la kibiashara limewafagia watu wote ufukweni, kisha likauza ukimya uliobaki.

Halafu kuna sarufi. "Kavuliwa" ni kauli ya kutendwa, na mwalimu yeyote wa darasa la sita atakuuliza: kavuliwa na nani? Kauli ya kutendwa inaruhusu mtendaji afichwe, na hapo ndipo orodha hii inapokuwa maandishi mabaya. Sizungumzii ubaya wa lugha. Nazungumzia ubaya wa hadithi iliyomkata mhusika mkuu.

Mhusika huyo mimi namjua mmoja. Ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa mzamiaji wa kampuni iliyokuwa ikisafirisha samaki wa mapambo. Jina la kampuni naliacha. Nilipopata orodha nilimpigia, nikamwamkia, nikamsomea ule mstari. Akaniuliza rangi ya mapezi. Nilipomwambia meusi, ukingo mweupe, akasema: "Aa, yule wa chini. Yule mjomba anataka roho mbili."

Roho mbili ni hivi. Gogogo wengi wadogo utawakuta penye mawe, kina cha kawaida. Huyu wa kijivu, kwa maelezo ya mjomba, walimtafuta chini zaidi, mita thelathini na kuendelea, kwenye nyufa za miamba, na hakuwa akitembea kwa makundi. Unaweza kushinda chini ukarudi na mmoja, au bila kitu. Walizama kwa kompresa iliyo juu ya boti na mpira mrefu wa hewa mdomoni. Kila mita kumi za maji zinakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mwili unameza naitrojeni, na ukipanda haraka ile naitrojeni inatoka kwa mapovu ndani ya damu na mishipa ya fahamu, kama soda iliyotikiswa.

Samaki naye ana tatizo hilohilo kwa namna yake. Ana kibofu cha hewa tumboni, na ukimpandisha haraka kibofu kinavimba na kumuua. Kwa hiyo, akasema mjomba, samaki hakupandishwa siku hiyohiyo. Aliwekwa kwenye kizimba cha wavu, kikafungwa kamba, kikavutwa mita chache, kikaachwa; kesho yake mita chache tena. Siku tatu, nne, wakati mwingine zaidi, mpaka afike juu mzima.

"Na nyinyi?" nikamuuliza.

"Sisi tulipanda tu."

Siku moja mafuta ya kompresa yaliisha akiwa chini. Alipanda kwa pumzi aliyokuwa nayo. Jioni ile mguu wa kushoto ulikufa ganzi, na siku mbili hakuweza kukojoa. Chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji hakikuwepo karibu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kama hicho kipo duniani. Leo anatembea, ila ule mguu anaubeba. Aliyewekewa ratiba ya kupanda polepole ni yule mwenye bei.

Najua hatari ya kuingiza ndugu kwenye uhakiki. Msomaji anaona aibu kubishana. Basi nibishane mwenyewe. Mjomba hakulazimishwa. Anasema ile kazi ilimlipia ada za watoto wawili, na kwamba kuvua samaki kumi hai kunaumiza ziwa kuliko kukokota nyavu za macho madogo zinazobeba hadi vifaranga. Hoja hiyo ina uzito. Wafugaji wenyewe huitumia: samaki akiwa na thamani, watu wa ufukweni watamlinda. Mimi sina ugomvi na biashara yenyewe. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo inahitaji watu wa ufukweni waonekane kwenye maandishi, na kwenye kurasa sita sijawaona.

Neno la tatu ni mahali. Hapa kuna jambo la kufurahisha kwa mtu wa Kigoma. Samaki wa jamii ya sikilidi, ukoo wa sato na kuhe, huuzwa kwa majina ya vijiji walikotoka, kwa sababu rangi zao hubadilika kutoka mwambao hadi mwambao. Kwenye orodha hii nimekutana na Ikola, Kipili, Utinta. Mjerumani anaweza kusema ana "Ikola kumi na wawili" na wenzake wakamwelewa, wakati mtu wa Dar ukimtajia Ikola atakuuliza iko mkoa gani. Vijiji vya Katavi na Rukwa vimekuwa vivumishi kwenye lugha za watu. Nilijikuta nafurahi, kisha nikajiuliza ninafurahia nini hasa.

Lakini granulosus wetu, wa bei kuliko wote, hana kijiji. Kaandikiwa "Ziwa Tanganyika" basi. Ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ni sawa na kumwambia mtu mgeni wake yuko mahali fulani kati ya Dar es Salaam na Makambako. Aliyepata gharama kubwa ndiye aliyepewa anwani fupi.

Vitabu je? Rafiki yangu alinilaumu kwamba nahukumu fani nzima kwa orodha ya muuzaji mmoja. Ni lawama ya haki. Fani hii ina waandishi wake. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa na biashara ya kusafirisha samaki kutoka Bujumbura, alitoa kitabu juu ya samaki wa Tanganyika mwaka 1978, na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989. Ad Konings, Mholanzi, kapiga picha na kuandika juu ya ziwa hili kwa miongo. Hawa si watu wa mezani. Walizama wenyewe, na mtu anayetaka kujua samaki anakula nini na anajificha wapi hawezi kuwaruka. Ila tazama jina la kile kitabu cha Brichard cha 1989: kinataja sikilidi, halafu "samaki wengine wote" wa ziwa. Kambare wetu wamo humo kwenye "wengine wote". Na mimi nikiwa na kazi yangu ya uandishi wa habari nimejiuliza kwa nini sisi, kwa lugha inayozungumzwa kwenye mitumbwi yenyewe, hatujaandika kitabu cha namna hiyo, ambacho mjomba angeweza kukisoma na kukikosoa.

Sasa tufike kwenye neno lililonifanya niandike: "adimu". Limetoka Kiarabu, na ndani yake mna wazo la kukosekana. Kitu adimu ni kitu kinachokosekana. Swali la msomaji ni: kinakosekana wapi, na kwa nani? Orodha ya bei inatumia neno moja kwa mambo matatu tofauti. Kuna samaki walio wachache majini kwao. Kuna samaki ambao si lazima wawe wachache, ila wanakaa mahali ambapo mtu hafiki kirahisi. Na kuna samaki waliokosekana dukani tu, kwa sababu mzigo umechelewa, ndege imepandisha nauli, au mpaka umefungwa. Nauli peke yake ni habari. Samaki hai husafiri kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, na gogogo hutoboa mfuko kwa mwiba wake, kwa hiyo anahitaji mifuko miwili, mitatu, na nafasi yake peke yake. Asilimia kubwa ya kinachopakiwa ni maji, na ndege hutoza maji hayo kwa kilo.

Granulosus, kwa ninavyomwelewa, ni adimu wa aina ya pili na ya tatu. Multipunctatus anaonyesha jinsi uadimu wa aina hiyo unavyoyeyuka. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alichapisha kwenye jarida la Nature jambo ambalo ukilisikia kijiweni utadhani ni uongo. Multipunctatus anafanya kama yule ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake. Anawavizia sikilidi wanaoatamia mayai mdomoni. Jike anapotaga na kuokota mayai yake, gogogo anapita kasi, anaacha yake, na mama yule anaokota yote. Mayai ya gogogo yanaanguliwa mapema. Vifaranga vyake vinakula watoto wa mwenye nyumba, humohumo mdomoni, na yule mama anaendelea kuwalinda.

Wafugaji walipoelewa hivyo, walimwekea gogogo sikilidi wa kuatamia, hata wale wa Ziwa Nyasa ambao hawakuwahi kukutana naye, na akazaa. Leo yupo kila mahali, bei imeshuka. Hapa nawavulia kofia watu wa fani hii. Ni watu wa kawaida, mafundi umeme, walimu wa shule, wanaokaa mbele ya kioo usiku na kuhesabu mayai, na wamejua mambo ya samaki hawa ambayo maktaba hazikuwa nayo. Granulosus hajakubali kuzaa kirahisi namna hiyo. Ndiyo maana bado anatoka chini, kwa mikono ya mtu.

Uadimu wa aina ya kwanza upo, na hauko kwetu. Uko Brazili, mto Xingu. Mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa namba kambare wa Amerika Kusini waliokuwa wakifika madukani kabla sayansi haijawapa majina. Herufi L na namba. Mmoja wao, L46, mdogo wa sentimita nane hivi, ana mistari myeusi na myeupe kama punda milia. Mwaka 1991 alipata jina la kisayansi, Hypancistrus zebra, ila hadi leo wengi humwita kwa namba. Duniani kote anaishi kwenye kipande cha mto huo kinachoitwa Volta Grande. Anataga mayai machache. Brazili ilipiga marufuku kumtoa nchini, bei ikapanda, magendo yakafuata. Na mwaka 2022 mkutano wa CITES uliofanyika Panama ukamwongezea ulinzi wa kimataifa.

Katikati ya hayo likajengwa bwawa la umeme la Belo Monte. Tangu mwishoni mwa 2015 sehemu kubwa ya maji ya Xingu yamegeuzwa njia, yanakwenda kwenye mitambo, na Volta Grande, karibu kilomita 100 za mto, imebaki na sehemu ndogo ya maji yake ya zamani. Watu wa asili wa pale, Wajuruna na Waarara, wamepoteza mto waliokuwa wakiuvua na kuusafiria. Huku nyuma, L46 anazaliwa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Ujerumani na kwenye mashamba ya samaki ya Asia, na bei yake imekuwa ikishuka.

Nilimsikia mfugaji mmoja, kwenye mazungumzo aliyonitafsiria rafiki yangu, akisema kwa fahari kwamba samaki huyu "ameokolewa". Naielewa fahari yake. Bila watu kama yeye huenda siku moja asingebaki hata mmoja wa kutazama. Lakini kwenye orodha ya bei, L46 na granulosus wameandikiwa neno lilelile: adimu. Mmoja anakosekana kwa sababu mto wake umenyang'anywa maji. Mwingine anakosekana kwa sababu mzamiaji hakushuka mwezi huu. Mnunuzi analipa kwa kusisimka kulekule. Neno likishatumika hivyo kwa miaka, siku samaki wa kwetu atakapoanza kwisha kweli hatutakuwa na neno la kusema. Tutasema adimu, na watu watauliza bei. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko ile namba ya euro.

Nikamaliza usomaji wangu kwa kufanya kile ambacho mhariri hufanya: nikauandika upya mstari. Niliandika hivi:

"Gogogo wa kijivu, kwa Kilatini Synodontis granulosus. Sentimita 13. Kavuliwa na mzamiaji hodari wa Kigoma, kina cha mita thelathini na tano, kwenye nyufa za mwamba. Kapandishwa kwa siku nne. Hatujui wako wangapi."

Nilikuwa nimeridhika nao. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani, nikamsomea mjomba tukiwa tumekaa barazani, yeye mguu kaunyoosha juu ya kigoda. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Halafu akaanza kuhariri.

"Hodari toa. Angekuwa hodari asingeishiwa mafuta."

Nikafuta.

"Andika pia walikuwa wawili. Tulikuwa tunawapata wawili, mmoja anafia kizimbani. Huyo wa bei ni yule aliyebaki."

Nikaandika. Akanyamaza kidogo, akauliza tangi la huyo Mjerumani lina kina gani. Nilimpigia rafiki yangu palepale, naye akaenda kupima tangi lake mwenyewe, akarudi na jibu: sentimita hamsini na tano. Mjomba akapima kwa mkono kutoka sakafuni, akausimamisha karibu na goti lake.

"Hapa?"

"Hapo, mjomba."

"Basi weka na hiyo," akasema. "Anayenunua ajue ametoka wapi na amefika wapi."

Nimeiweka. Rafiki yangu hajamnunua yule samaki, bado anahesabu hela. Nimemtumia mstari mpya, wenye masahihisho ya mjomba, nikamwambia akifika dukani amsomee muuzaji.